Mfungamano wa binadamu na mnyama si tiba

Kwenye semina za ustawi wa jamii hapa Mombasa, mtu akitaja mfungamano wa binadamu na mnyama, dakika mbili haziishi kabla hajaletwa yule mbwa anayepelekwa hospitalini kuliwaza wagonjwa. Huyo mbwa yumo kwenye tiba kwa msaada wa mnyama. Ni kazi njema, lakini ni jambo jingine.

Mfungamano ni uhusiano unaodumu kati ya mtu na mnyama, ambao afya na ustawi wa kila mmoja hutegemea mwenendo wa mwenzake. Maana yenyewe ndiyo hiyo.

Mkanganyiko umetokana na kisa kinachopendwa mno. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto wa New York, aliona mtoto aliyejifungia moyoni akifunguka mbele ya Jingles, mbwa wa Levinson mwenyewe, akaandika habari hiyo mwaka 1962. Kisa ni kitamu, na walimu wengi huanzia hapo na kuishia hapo hapo. Lakini tiba hupangwa: ina mtaalamu, ina lengo, ina saa ya kuanza na ya kumaliza. Mfungamano haupangwi na mtu. Afisa wa ustawi anapobisha hodi huukuta tayari umo ndani, na kazi yake ni kuutambua.

Taaluma yetu inajisifu kwa kumtazama mtu ndani ya mazingira yake. Tunauliza habari za mume, mashemeji, majirani, hata mwenye nyumba. Mnyama hatumuulizii. Mwaka 1998 Frank Ascione alichapisha utafiti wa Utah, Marekani, juu ya wanawake waliokimbilia makao ya hifadhi kwa sababu ya kupigwa. Wengi waliokuwa na wanyama walisema waume zao waliwatisha au kuwaumiza wanyama hao, na wapo waliochelewa kutoroka kwa kuhofia kumwacha mnyama nyuma. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, ambapo watu walikataa kuokolewa bila wanyama wao, Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 ili mipango ya uokoaji iwafikirie wanyama pia. Hapo hapakuwa na tiba yoyote. Palikuwa na watu walio tayari kuhatarisha roho zao.

Wapo wasemao haya ni mambo ya wazungu na mbwa wao vitandani. Mbwa si sharti. Nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu hazimwingizi mbwa ndani, ilhali paka hupita sebuleni bila kuulizwa. Yupo pia mwenye mkokoteni na punda wake. Kwamba punda analeta riziki hakufuti mfungamano. Huenda ndiko kunakoukaza. Ila kumbukeni mfungamano unakwenda pande zote mbili. Punda mwenye vidonda shingoni, asiyepata maji mchana kutwa, huyo anatumiwa tu, hata bwana wake akiapa kwamba anampenda. Sehemu hii ya maana ndiyo inayorukwa zaidi madarasani, nami huniuma kwa sababu bila hiyo dhana nzima inageuka kuwa sifa za binadamu peke yake.

(Na Owen na Mzee wa Haller Park, yule mtoto wa kiboko wa wakati wa tsunami ya 2004 na kobe wake, ni wanyama wawili. Nawapenda, lakini hawafai kuwa mfano wa somo hili.)

Basi, mwalimu mwenzangu, mbwa wa hospitali usimfukuze darasani. Mwite kwa jina la kazi yake, kisha uwape wanafunzi swali la kwenda nalo wanapozuru nyumba za watu: hapa kuna mnyama gani, nani anamlisha, na mkihama atabaki na nani? Bi kizee wa Majengo anayekataa kuhamia kwa mwanawe Nyali huenda akalijibu kabla hujamaliza kuuliza.