Eneo la kale lililosajiliwa: maana yake nini hasa?

Ukisikia kule Skotilandi eneo la kale "limesajiliwa" usidhani lazima liwe kasri, inaweza kuwa nyumba mbili tu za wakulima. Maana yake liko kwenye orodha ya kisheria ya mambo ya kale yenye thamani kwa taifa, na likishaingia humo huchimbi, hujengi wala hukarabati bila kibali, hata kupitisha mashine ya kutafuta vyuma bila ruhusa ni kosa la jinai. Sheria yenyewe ni ya 1979, orodha inatunzwa na Historic Environment Scotland, taasisi ya umma inayosimamia mambo ya kale huko. Mwenye shamba hanyang'anywi shamba lake lakini.

Chukua Knap of Howar, eneo mojawapo lililosajiliwa, liko kwenye kisiwa cha Papa Westray huko Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Skotilandi. Kisiwani watu hawafiki hata mia, ndege kutoka kisiwa jirani inaruka kama dakika 2 tu imeshatua. Hapo kuna nyumba mbili za mawe ubavu kwa ubavu, zimeunganishwa na kiujia chembamba, milango inatazama bahari. Watu waliishi humo kuanzia kama 3700 KK mpaka 2800 KK, yani piramidi za Giza bado kabisa! Miti ilikuwa adimu wakajenga kwa mawe bapa, ndo maana kuta bado zimesimama na jiwe la kusagia nafaka lipo mpaka leo.

Sasa wengi wanadhani kinacholindwa ni kuta. Jamani, ni jalala pia, tena kwangu mimi jalala ndo lenye utajiri! Nyumba zimekaa juu ya taka za waliotangulia na katikati ya kuta wakashindilia taka hizohizo, mifupa ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, makombe ya baharini, vigae vya vyungu. Waliochimba miaka ya 1930 walidhani ni nyumba za Enzi ya Chuma, mpaka miaka ya 1970 mwanaakiolojia Anna Ritchie alipochimba upya na vipimo vya kaboni, vinavyopima umri wa vitu kama mifupa, vikaonyesha ni za zamani mno kuliko hapo. Kwa hiyo mtu akiokota kamfupa kamoja akaondoka nako ni hasara kweli, maana mfupa ukishatoka kwenye tabaka lake hauwezi tena kusema nyumba ina umri gani.

Zilipojengwa bahari ilikuwa mbali, leo iko hatua chache tu kutoka mlangoni, na ni upepo na mawimbi yaliyoondoa mchanga ndo yakazifichua. Ukienda unainama mlangoni kama walivyoinama wao, piga picha unavyotaka, ila usiokote kitu.