Umeshazuia anwani mia mbili, na taka bado zinaingia

Jumatatu asubuhi mhasibu wetu aliniwekea kompyuta yake mezani hata salamu hatujamaliza. "Kaka, hiki kichujio chenu kimekufa. Nimezuia anwani zaidi ya mia mbili, barua pepe taka zinaingia tu." Nikafungua orodha yake. Kweli bwana, mia mbili na kitu, kaziingiza moja moja kwa subira ya mtu anayetunga shanga. Hakuna hata mbili zilizofanana.

Nimeshalieleza jambo hili kwenye korido, kwenye lifti na kwenye simu usiku. Leo naliandika.

Kumzuia mtumaji kunafaa kwa mtu anayerudi na anwani ileile: muuzaji mkaidi, mtu mliyegombana naye. Mtuma taka harudi nayo. Anwani anayokuandikia leo kesho haitumii, na mara nyingi hata hiyo ya leo si yake.

Hapo kwenye "si yake" ndipo watu wanaponikazia macho. Barua pepe ina bahasha na ina barua ndani. Seva zinapopokezana mzigo zinasoma bahasha. Ile "Kutoka kwa" unayoiona wewe imeandikwa ndani ya barua, na aliyeiandika ni mtumaji mwenyewe, kwa hiari yake. SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupokezana barua pepe, ilipoandikwa mwaka 1982 haikuwekwa kanuni ya kuhakiki kwamba hayo mawili yanalingana. Mtandao ulikuwa mdogo na watu waliaminiana. Kwa hiyo unachokizuia ni jina alilojipa mtu, na jina halimgharimu kitu kulibadilisha. Kwenye simu ni vibaya zaidi, maana programu nyingi zinaonyesha jina tu na kuificha anwani.

Wenzangu wa TEHAMA nao wasinicheke. Ninyi ndio mnaosema, "Tumeshaweka SPF, mambo yamekwisha." SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa (yale maneno baada ya @), inaangalia kikoa cha bahasha, ile ambayo msomaji haioni. DKIM inatia saini barua, lakini kwa kikoa chochote ambacho mtiaji saini anamiliki. Ni DMARC tu, kanuni inayokaa juu ya hizo mbili, inayouliza kama kikoa kilichopita kwenye mojawapo kinalingana na anwani anayoiona binadamu, na hata hiyo mkiiacha kwenye p=none, yaani "usizuie kitu", mnabaki kupokea ripoti na kutazama. Halafu, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, zote tatu zinathibitisha kikoa. Hazisemi chochote kuhusu tabia ya mwenye kikoa. Mtuma taka ananunua kikoa chake asubuhi, anaziweka zote tatu vizuri kuliko nusu ya ofisi ninazozijua, na mchana anatuma. Mwizi naye ana kitambulisho.

Turudi kwa mhasibu. Nusu ya alichokiita taka ni majarida na matangazo aliyojiandikisha mwenyewe akasahau. Hayo dawa yake ni kujiondoa. "Lakini si tuliambiwa tusibonyeze kamwe?" Mliambiwa, na mimi nilikuwa mmoja wa wahubiri. Siku hizi nina mashaka na ukali wa ushauri ule. Hoja ilikuwa kwamba ukibonyeza wanajua anwani yako iko hai. Lakini kama programu yako inapakua picha zenyewe, picha moja isiyoonekana imeshawaambia hivyo ulipoifungua tu barua. Mtumaji unayemfahamu, jiondoe. Usiyemfahamu, usiguse kiungo chochote: ripoti kama taka.

Ripoti, sikusema futa. Ukifuta, kichujio hakijifunzi kitu. Ripoti zina uzito: mwaka 2024 Google ilianza kuwabana wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail, matangazo yawe na kujiondoa kwa mbofyo mmoja na malalamiko yasifike 0.3%. Yaani watu watatu kwa elfu wakibonyeza, mtumaji ana tatizo. Ndiyo maana kuripoti jarida uliloliomba mwenyewe ni uonevu.

Na kwa nini nisikaze kichujio? Niliwahi. SpamAssassin, programu inayochuja barua zetu, huja na kikomo cha alama 5: barua ikifikisha alama hizo inahesabiwa taka. Malalamiko yalipozidi nikashusha hadi 4. Taka zilipungua, nikasifiwa, mpaka ilipogundulika kwamba barua za walioomba kazi zilikuwa zinaishia folda ya taka. Nikarudisha 5. Siwezi kudai kwamba 5 ndiyo sahihi kwa ofisi yetu. Niliirudisha kwa sababu makelele ya taka nimeyazoea, na barua ya mtu iliyopotea hainiletei usingizi.

Orodha ya mhasibu tuliifuta yote, lakini niliipitia kwanza. Anwani ya kumi na saba ilikuwa yake mwenyewe: taka ilikuja kwa jina lake, naye akajizuia. Mbele kidogo, kwa mtindo uleule, akawa amemzuia mteja wetu halisi ambaye anwani yake ilighushiwa. Barua za mteja huyo zilikuwa zimelala kwenye folda ya taka wiki tatu, ya mwisho ikiuliza kama ofisi imefungwa. Nilizirudisha kwenye kikasha. Kumjibu nilimwachia dada mhasibu.