Binti Si Lazima Afe: Dhana Potofu Kuhusu Filamu Fupi za Utoaji Mimba

Vijana wa Nairobi huniletea miswada yao ya filamu fupi niisome. Nikikuta mimba ukurasa wa kwanza, najua tayari nani atazikwa ukurasa wa mwisho. Nikiuliza kwa nini binti afe, jibu ni lile lile: "Mwalimu, lazima jamii ijifunze."

Haijifunzi chochote. Aliyeingia akipinga utoaji mimba anatoka akipinga, aliyeunga mkono anatoka na hasira, na wote wawili hawakulazimika kufikiri hata dakika moja. Wale wa upande wa pili nao wananichosha: binti anatoka kliniki akitabasamu, jua linawaka, muziki unapanda. Hiyo nayo ni hukumu.

Swali la maadili linahitaji mtu atakayepoteza kitu kwa uamuzi wowote atakaoufanya. Mchukue afisa wa kliniki, mtaalamu wa afya anayetibu wagonjwa, aliye peke yake zamu ya usiku pale mtaani Kayole. Jumapili huimba kwaya. Mbele yake kuna binti anayevuja damu na hataki kusema amemeza nini. Afisa anavaa glavu, anazivua, anatazama mlango, anavaa tena. Hapo una filamu, mradi usimpe hotuba. Mimi huwaambia wafute kila sentensi ambayo mhusika anatangaza msimamo wake, kisha wasome upya. Tukio likianguka, basi halikuwepo. Na yule usiyekubaliana naye, mpe hoja nzito kuliko yako. Mama wa binti asiwe wa kufoka tu.

"Lakini mwalimu, Kenya imekataza kabisa." Soma Katiba ya 2010, Ibara ya 26(4). Utoaji mimba hauruhusiwi, ila pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Imesema afya pia, haikuishia kwenye uhai. Wakati huo huo kifungu cha 158 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia anayetoa mimba kinyume cha sheria kwa kifungo cha hadi miaka 14. Sasa unaelewa kwa nini glavu zinavuliwa. Maoni ni yake, na jela ni yake.

Kuna wanaosema Bodi ya Uainishaji wa Filamu itaipiga marufuku tu. Imewahi kuzuia filamu, sikatai. Ila wengi wanaonililia hawajawahi hata kuomba leseni ya kurekodi, na hawajui kwamba kazi inaweza kupewa daraja la umri, 16 au 18, ikaonyeshwa.

Eti bila damu nyingi mtazamaji haguswi? Onyesha beseni, funga mlango, tuachie sauti.

Eti dakika kumi hazitoshi? Zinatosha kwa usiku mmoja na uamuzi mmoja. Hazitoshi ukianza na siku binti alipokutana na mvulana shuleni, kwa hiyo anza pale kliniki. Na piano hiyo ya huzuni, tafadhali, itoe.