Baa haijafunguliwa bado: jirani una siku 21

Kila mwaka sikukuu zikipita, dawati letu la msaada wa sheria hupokea malalamiko ya namna moja. Mtu anakaa, anaweka simu mezani, anatusikizisha sauti aliyoirekodi dirishani kwake saa 8 usiku: spika inanguruma, watu wanagombana, pikipiki inakataa kuwaka. Kisha anauliza, "Hawa leseni walipewa na nani?" Nami humuuliza swali lisilompendeza: "Tangazo la maombi ya leseni lilipobandikwa kwa chifu, ulilisoma?"

Wengi hawajui kama kuna tangazo hilo, wala kwamba jirani anaweza kupinga baa kabla haijafunguliwa. Hapo ndipo tunapopoteza kesi nyingi za majirani hapa Mombasa, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sheria yenyewe ni ile ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliipachika jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, wakaiita sheria ya Mututho. Ilianza kutumika Novemba mwaka huo. Miezi michache kabla, Katiba mpya ilikuwa imeshaipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, ndiyo maana leo masuala haya hayaishii Nairobi. Kaunti ina sheria yake ya leseni za vileo, ada zake na kamati zake. Na hapo hapo nitoe angalizo kwa wakazi wa kaskazini: Mtwapa si Mombasa. Ukishavuka daraja la Mtwapa uko Kilifi, na malalamiko ya klabu iliyo ng'ambo ile hupelekwa Kilifi. Nimeona mtu amezungushwa ofisi za Kisauni wiki mbili nzima kabla mtu mmoja kumwambia hivyo.

Kileo ni nini? Sheria inasema ni kinywaji chochote chenye alkoholi kuanzia nusu ya asilimia moja kwa ujazo, na imetaja wazi vinywaji vya kienyeji. Kwa hivyo mnazi, yaani tembo la utomvu wa minazi, umo. Tembo tamu lililogemwa alfajiri, lile la kuumulia mkate, haliwi tamu kwa muda mrefu. Likikaa kwenye joto la Pwani linachacha lenyewe, na jioni ni pombe kamili. Mzee wa mangwe, kilabu cha mnazi, anayeniambia kuwa yeye hauzi pombe bali "anauza mila" namheshimu, lakini naye anahitaji leseni. Mila haikufutwa na sheria. Imewekewa mlango, saa na umri wa mnywaji, basi.

Sasa tuingie kwenye masharti ya nyumba yenyewe. Kwa leseni mpya ya kuuza pombe inayonyweka pale pale, kamati imekatazwa kuitoa mpaka iridhike na mambo kadhaa. Lililo maarufu ni la umbali: angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya upili au taasisi nyingine ya mafunzo ya walio chini ya miaka 18. Watu husikia 300 wakafikiri ni mbali. Tembea kwa hatua za kawaida, ni kama dakika nne. Katika mitaa yetu ya Mshomoroni, Magongo au Likoni, ambako chekechea nyingi ziko ndani ya nyumba za watu na kibao cha rangi mlangoni, dakika nne zinakupitisha shule mbili.

Nilishuhudia upimaji mmoja. Palikuwa na gurudumu la kupimia, lile la kusukuma kwa mpini, na umati nyuma yake kama arusi. Mwombaji alitaka lipite vichochoroni, kwa kuwa mtoto haruki juu ya mabati. Mwalimu mkuu alitaka mstari ulionyooka kutoka geti hadi mlango wa baa. Walibishana pale juani mpaka afisa akaamua kupima njia zote mbili. Kwa mstari zikatoka mita 140, kwa vichochoro 210 na ushei. Ubishi ukafa wenyewe. Nilichojifunza siku ile ni kidogo lakini kimenifaa: ukienda kupinga, nenda na kipimo mkononi. Neno "karibu" halina uzito mbele ya kamati. Mita zina uzito.

Sharti la pili linavunjwa kila siku na hakuna anayeshtuka. Mahali pa kunywea pombe lazima patengwe kabisa na biashara nyingine yoyote inayoendeshwa katika jengo hilo. Nieleze kwa mfano ninaouona kila jioni. Mbele pana duka: mkate, maziwa ya pakiti, kadi za simu, viazi karai kwenye kioo. Nyuma pana friji ya bia na viti vinne vya plastiki. Katikati pana pazia la maua. Mtoto aliyetumwa maziwa anasimama kwenye foleni moja na mlevi anayedai chenji yake. Mwenye duka ataapa kwamba pazia linatosha. Halitoshi. Pazia si ukuta, na friji iliyo upande wa pili wa pazia haijawa biashara tofauti.

Supamaketi nazo zimewekewa lao: haipewi leseni mpya mpaka mwombaji aonyeshe kuwa sehemu ya pombe haifikiki na walio chini ya miaka 18. Rafu ya mvinyo inayotazamana na biskuti haijatimiza hilo.

La tatu ni eneo la makazi. Sheria inakataza leseni mpya ya baa katika eneo la makazi, ila ongezeni maneno yanayofuata: lililotengwa hivyo kwa mujibu wa sheria. Maneno hayo machache yamewaangusha majirani wengi. Wewe unajua mtaa wako ni wa kulala, lakini ramani ya mipango ya kaunti inaweza kuuita mchanganyiko wa makazi na biashara, na wakili wa baa ataifungua ramani hiyo mbele ya kamati. Nenda idara ya ardhi na mipango ukaulize kiwanja kimeandikwaje kabla hujaandika barua yako. Kama ni mchanganyiko, usipoteze nguvu hapo. Shika hoja nyingine: sheria inaitaka kamati ijiulize kama mtaa huo unahitaji baa ya ziada, kwa kuangalia wingi wa watu na baa zilizokwisha kupewa leseni. Zihesabu. Mama mmoja wa Changamwe alituletea daftari la mwanawe la hesabu, amechora barabara moja na kuandika kila baa kwa jina na rangi ya mlango. Sijaona ushahidi mzuri kuliko ule.

Masharti ya afya ya umma nitayapita haraka, kwa sababu maafisa wa afya huyafuatilia vizuri kiasi: vyoo, maji, hewa, vyeti vya afya vya wanaoshika chakula na vyombo, njia ya kutokea moto ukizuka. Nyumba ya mabati yenye mlango mmoja na nondo dirishani ni mtego, hata kama leseni iko ukutani.

Na leseni lazima iwe ukutani kweli, mahali panapoonekana. Kuificha droo ya kaunta ni kosa. Mteja au jirani akiisoma ataona mambo matatu yanayomhusu: aina ya leseni, jengo inalolihusu na saa zake. Ukinunua baa ya mtu, hujanunua leseni yake. Ukihamia jengo la pili, leseni ya jengo la kwanza haikufuati. Na kila leseni ina maisha ya miezi 12.

Saa zinaleta kelele nyingi kuliko zote. Kwa baa ya kawaida, sheria ya kitaifa imeweka saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi na siku za mapumziko ya umma, saa 8 mchana hadi saa 5 usiku. Supamaketi huuza kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 na nusu usiku. Hoteli na klabu za usiku zina saa ndefu zaidi, ndiyo sababu baa nyingi za mtaani hujiita hoteli ghafla baada ya kuweka vitanda viwili juu ghorofani. Usibishane na jina la kibao. Soma karatasi ya ukutani.

Nimeulizwa pia mara nyingi kuhusu Ramadhani. Sheria ya kitaifa haina kifungu kinachozifunga baa mwezi ule. Wapo wenye baa karibu na misikiti wanaozima spika wakati wa tarawehe bila kuambiwa na mtu, na hiyo ni adabu ya ujirani, haikuandikwa popote.

Sauti ina kanuni zake nje ya leseni, nazo ni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira. Penye mchanganyiko wa makazi na burudani, kiwango ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo unaanza saa 2 na dakika moja. Desibeli 35 ni utulivu wa maktaba. Hakuna baa yenye spika uani inayoweza kukaa chini ya hapo. Kwa hivyo mwenye baa anayesema "nimelipia leseni mpaka saa 5" anachanganya mambo mawili: amelipia kuuza, hakulipia kuwatikisia majirani vioo.

Kuhusu umri, mwaka jana na mwaka huu watu wamekuja wakisema umri wa kunywa umepanda hadi 21. Kilichotokea ni kwamba Julai 2025 serikali ilizindua sera ya taifa inayopendekeza hivyo. Sera si sheria. Sheria ya 2010 ingali inasema 18, na anayemuuzia aliye chini ya hapo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 150,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kijana huyo haruhusiwi hata kuingia sehemu inayouzwa pombe. Muuzaji hawezi kujitetea kwa kusema "alionekana mkubwa" kama hakuomba kitambulisho. Tangazo la kukataza mauzo kwa watoto nalo lazima libandikwe.

Viroba, yaani pombe ya vipakiti, vilipigwa marufuku na sheria hiyo hiyo, na anayechanganya kileo na kemikali kama methanoli anakabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 10. Ukitilia shaka chupa, stempu ya ushuru iliyobandikwa juu yake inaweza kusomwa kwa simu kupitia programu ya mamlaka ya mapato iitwayo Soma Label. Mimi hujaribu hata nikiwa mgeni arusini, na wenyeji hawapendi.

Turudi kwenye tangazo, maana ndiko nilikotaka kufika. Maombi yakipokelewa, kamati huandaa orodha: jina la mwombaji, aina ya leseni, jengo, na siku, saa na mahali pa kikao cha kuamua. Orodha hiyo hubandikwa hadharani, ikiwemo ofisi ya chifu, kwa muda usiopungua siku 21. Mtu yeyote anaweza kupinga. Si lazima uwe na nyumba mtaani, wala uwe mzee wa nyumba kumi. Unaandika pingamizi lako kwa katibu wa kamati ukieleza sababu, kisha unampelekea mwombaji nakala, angalau siku 7 kabla ya kikao.

Hiyo nakala ya mwombaji ndiyo inayosahaulika. Sheria inakutaka wewe unayepinga uthibitishe kwamba aliipata. Kuna mzee wa Mikindani, mwalimu mstaafu, aliandika barua safi ya kurasa tatu, na saini za majirani 40. Kikao kilipoanza akaulizwa kama mwombaji ameletewa nakala. Akasema, "Kwani yeye hajui tunamchukia?" Watu wakacheka, pingamizi likawekwa kando, baa ikafunguliwa.

Mwaka uliofuata leseni ilikuja kuhuishwa. Hapo sababu za kukataa huwa nyingine: biashara inaendeshwaje, masharti yametimizwa au la, jengo liko katika hali gani, mwenye leseni amewahi kuhukumiwa kwa kosa la vileo au la. Mwalimu alikuwa ameandika tarehe na saa za kila usiku baa ilipopita saa 5, miezi 9 mfululizo, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Safari hii alikwenda mwenyewe kaunta ya baa saa 11 jioni, mlango ulipofunguliwa tu, akaweka nakala mbele ya mhudumu na daftari la kupokelea barua kando yake, na kalamu juu. Mhudumu akaita bosi. Bosi akaja, akasoma kurasa zote akiwa amesimama, akatia saini.