Je, wajua mapacha hutuambia nini kuhusu presha na ubongo unaozeeka?

Ukitazama picha ya MRI ya ubongo wa mzee, mara nyingi utaona madoa meupe yamezunguka vyumba vya maji vilivyo katikati. Huko ndiko inakoishia mishipa ya damu myembamba sana. Presha ikiisukuma kwa miaka mingi, kuta zake hukakamaa, damu hupungua, na doa huzaliwa. Lakini mzee mmoja ana machache, na wa rika lake yametapakaa. Ni ukoo au ni maisha?

Mapacha hujibu kwa hesabu ndogo. Wa kufanana wana jeni zilezile. Wasiofanana wanachangia nusu hivi, kama ndugu wengine. Tuseme ulingano wa madoa ndani ya jozi (0 ni hakuna, 1 ni kamili) ni 0.75 kwa wa kufanana, na 0.40 kwa wasiofanana. Toa: 0.35. Zidisha kwa 2, kwa kuwa wasiofanana wanachangia nusu tu ya jeni: 0.70. Basi asilimia 70 ya tofauti baina ya watu hao imetokana na jeni.

Mwaka 1998, jozi 145 za mapacha wanaume wa Marekani waliokuwa wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilipimwa, na jibu likawa asilimia 71. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ilipopimwa katika kundi hilohilo, ilipata asilimia 40 tu.

Hesabu huharibika kirahisi. Wengi hudhani makondo mawili maana yake si wa kufanana, kumbe karibu theluthi moja ya wa kufanana huwa na kondo lake kila mmoja. Ndiyo maana hupimwa DNA. Presha nayo ina vituko vyake: pacha mmoja akipimwa akiongea au kibofu kimejaa, namba hupanda, jozi huonekana hazilingani, na mchango wa jeni hushuka kwenye karatasi tu.

Hiyo 71 husomwa vibaya pia. Haisemi kwamba asilimia 71 ya madoa yako umerithi. Inaeleza tofauti ndani ya kundi lile, wanaume wa rika moja, basi. Dawa za presha haziulizi jeni: katika jaribio la SPRINT la Marekani, waliowekewa lengo la namba ya juu ya presha chini ya 120, madoa yao yaliongezeka sentimita za ujazo 0.92 kwa miaka kama 4. Walioachwa kwenye lengo la chini ya 140, 1.45.