"Mwenye akili atafika tu" na maneno mengine tunayoyaamini kuhusu watoto wa maskini na chuo Marekani

Kuna maneno huwa yanarudi kila watu wakiongelea watoto wa familia maskini na vyuo vya Marekani. Wanayasema Wamarekani wenyewe, wanayasema pia ndugu zetu walioko kule, wakiwemo Wakongo waliopitia makambi kama Nyarugusu wakapelekwa Kentucky, Texas, Iowa na kwingineko na sasa watoto wao ndo wanamaliza sekondari. Mengi ya hayo maneno yanaingia akilini kabisa, tatizo ni kwamba yameshapimwa, tena kwa yale majaribio ambayo kura ya bahati nasibu ndo inaamua nani apewe msaada na nani aachwe kama alivyo alafu watu wanafuatilia miaka kadhaa kuona nani kaenda chuo, na mengi yamedondoka. Sitayapa uzito sawa, mengine yanahitaji mistari miwili tu.

"Mtoto mwenye akili atafika tu, vyuo vyenyewe vitamtafuta"

Hili ndo kubwa kuliko yote. Wanauchumi wawili, Caroline Hoxby wa Stanford na Christopher Avery wa Harvard, walichimba data za mitihani ya kuingia chuo wakakuta kila mwaka kuna watoto kati ya 25,000 na 35,000 wa kipato cha chini wenye maksi za juu kabisa, na wengi wao sana hawaapplai hata chuo kimoja kikali. Sio kwamba waliomba wakapigwa chini, hapana, hawakuomba kabisa. Ni watoto wa vimji vidogo, wa shule ambayo miaka nenda rudi haijapeleka mtu kwenye chuo cha aina hiyo, mwalimu mwenyewe hajasoma huko, mtaani hamna wa kumuuliza, na maafisa wa vyuo wakitoka kutafuta vipaji wanaenda shule zilezile za miji mikubwa wanazozijua. Mshauri wa wanafunzi shuleni je? Chama chao kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 250, wastani wa nchi nzima uko zaidi ya 370, na mshauri huyohuyo ndo anapanga ratiba, anafuatilia watoro, anasuluhisha ugomvi. Muda wa kukaa na mtoto mmoja kuongea habari za chuo anautoa wapi?

"Vile ni vyuo vya matajiri, ada dola 60,000 nani atalipa"

Bei unayoiona kwenye tovuti ya chuo ni kama bei ya kwanza Kariakoo, sema tofauti ni kwamba Kariakoo kila mtu anajua kuna kushuka, huku mtoto wa maskini anaiona anafunga ukurasa anaondoka. Hoxby na Avery walionyesha kwamba mtoto wa kipato cha chini mwenye maksi nzuri mara nyingi angelipa kidogo zaidi kwenye chuo kikali chenye hela nyingi za misaada kuliko kwenye chuo cha kawaida cha jirani. Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025/26 familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka chini hailipi kitu, sio ada tu, hata malazi na chakula. Na tangu 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti zao, lakini lazima kwanza uwe umeamini kwamba bei halisi ipo.

Na hapo kwenye kuamini ndo Michigan wanapoingia. Susan Dynarski na wenzake walikuwa wanajiuliza kwa nini watoto maskini wa jimbo hilo wenye maksi nzuri hawaendi University of Michigan pale Ann Arbor wakati wengi wao wakikubaliwa wangesoma bure au karibu na bure kwa misaada iliyokuwepo tayari. Kuanzia 2015 wakatuma bahasha kwa watoto hao, barua nyingine kwa mzazi, nyingine kwa mkuu wa shule, ujumbe mmoja: ukiapplai ukakubaliwa, ada miaka 4 ni bure, hatukuombi fomu ya kipato wala nini, tumeshakuhesabu. Waliotumiwa asilimia 68 waliomba, wasiotumiwa 26. Waliojiunga 27 kwa 12. Naomba usipite haraka hapa, kwa sehemu kubwa hamna hela mpya iliyoongezwa, kilichobadilika ni kwamba "huenda ukapata, jaza kwanza tuone" iligeuka "unayo". Baadaye walijaribu pia ofa ileile lakini yenye sharti la kuthibitisha kipato kwanza, na nguvu ilipungua. Yaani kale ka-sharti tu.

"Tatizo ni taarifa, watu wakijua wataenda"

Nadhani hapa ndo pesa nyingi za wafadhili zimezama, kwa sababu taarifa ni rahisi kutoa, unachapa vipeperushi, unatuma meseji, unaandika ripoti umefikia watu laki ngapi, unapigiwa makofi.

Mwanzoni ilionekana inafanya kazi. Hoxby huyohuyo na Sarah Turner walituma vifurushi vya maelezo pamoja na vocha za kusamehewa ada ya maombi, kila kifurushi kama dola 6, watoto wakaapplai vyuo vizuri zaidi, magazeti yakashangilia, dola 6 tu jamani! Kisha College Board, wale wenye mtihani wa SAT, wakaibeba hiyo wakaipeleka nchi nzima kwa wanafunzi zaidi ya 700,000. Matokeo: hamna kilichobadilika kwenye nani kaenda chuo gani. Kampeni nyingine za kukumbusha watu kujaza fomu ya misaada ziliwafikia wanafunzi zaidi ya 800,000, nazo ni hivohivo, sifuri.

Kuna jaribio la zamani kidogo lilishatoa jibu ila watu hawakulisikiliza. Kampuni ya H&R Block inawajazia watu fomu za kodi, sasa watafiti wakaomba, kwenye ofisi zao Ohio na eneo la Charlotte kule North Carolina, kwamba mteja wa kipato cha chini mwenye mtoto wa umri wa chuo akishamaliza kodi, yule karani atumie taarifa zilezile za kodi kumjazia palepale na fomu ya misaada ya chuo, kazi ya dakika chache. Kundi lingine likapewa maelezo tu, utastahili kiasi gani, nenda kajaze mwenyewe. Waliojaziwa, watoto wao waliokuwa wanamaliza sekondari, waliofikisha miaka 2 ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Waliopewa maelezo tu? Hakuna tofauti na wasiopewa chochote. Mzazi alikuwa ameshajua, karatasi anayo mkononi, na bado haikusaidia.

"Fomu ni fomu, asiyejaza mvivu"

Kama umewahi kuomba mkopo wa HESLB, na vyeti vya kuzaliwa vya kuhakikiwa RITA, na sahihi za serikali ya mtaa, huhitaji kuelezwa. Ya Marekani inaitwa FAFSA, na ndo mlango wa Pell, ruzuku ya serikali kuu ambayo hairudishwi, kiwango cha juu dola 7,395 kwa mwaka 2025/26, wakati ada ya chuo cha jamii cha miaka 2 kwa wastani ni kama dola 4,000. Kwa hiyo mtoto wa familia ya chini kabisa ada ya pale inaisha na chenji ya vitabu inabaki. Ila kwa miaka mingi fomu ilikuwa na maswali zaidi ya 100, nyingine zinauliza vitu ambavyo mamlaka ya kodi tayari wanavyo. Na wanaoulizwa maswali mengi zaidi ndo haohao wasio na mhasibu.

Desemba 2020 Bunge lao likapitisha sheria ya kuirahisisha, fomu mpya ikatoka mwisho wa Desemba 2023 badala ya Oktoba kama kawaida, ikiwa na matatizo chungu nzima, na wazazi wasio na namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) walikwama kwa wiki kadhaa, wakati watoto wao wanastahili kabisa. Kurahisisha lilikuwa wazo sahihi, utekelezaji ndo ukawaumiza waliokusudiwa kusaidiwa. Majimbo mengine yameenda njia tofauti, Louisiana ikawa ya kwanza kufanya FAFSA iwe sharti la kumaliza sekondari, mwenye sababu akiruhusiwa kujitoa (2024 ikaliondoa sharti hilo), maana shule ikijua fomu ni sharti inalazimika kumkalisha mtoto ijazwe.

Kwa wale wenye watoto kule: mzazi kutokuwa na namba hiyo hakumnyimi haki mtoto anayestahili. Na kwa wale wa Dar au Mombasa wanaodhani kijana akipata admisheni Marekani na yeye atachukua Pell, hapana, mwenye viza ya mwanafunzi hapewi. Huyo inabidi atafute vyuo vinavyotoa misaada yao wenyewe kwa wageni, vipo vichache kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ambavyo havimwangalii mgeni mfukoni wakati wa kumchagua, na ushindani wake ni wa kutisha.

"Akishapata admisheni kazi imeisha"

Barua ya kukubaliwa inakuja, familia inasherehekea, inafika Agosti mtoto hayupo chuoni. Benjamin Castleman na Lindsay Page walifuatilia hili wakakuta kati ya asilimia 10 na 20 ya waliokuwa wamepanga kwenda wanapotelea kwenye ile likizo ya kiangazi, na kwa watoto wa kipato cha chini hali ni mbaya zaidi. Shule ya sekondari imefungwa, chuo bado hakijamjua, hapo katikati kuna fomu ya kujiondoa kwenye bima ya afya ya chuo, cheti cha chanjo, amana ya hosteli, kipimo cha hesabu, kila kimoja na tarehe yake. Georgia State kule Atlanta mwaka 2016 waliweka roboti ya meseji inayomjibu mwanafunzi maswali hayo saa yoyote na kumwambia kitu gani hasa yeye hajakamilisha, wanaopotea wakapungua kwa kama asilimia 21. Linganisha na zile meseji za watu 800,000, tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hii inatoka kwa chuo chake, inajua jina lake na karatasi inayokosekana, sio "usisahau kujaza fomu!" inayotumwa kwa kila mtu.

"Ukimtoa shule mbovu ukamweka chuo kikali ataanguka"

Texas wamelijibu hili bila kukusudia. Mwaka 1997, baada ya mahakama kuzuia vyuo kuangalia rangi, jimbo likapitisha sheria kwamba aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yoyote ile, anaingia chuo cha umma moja kwa moja. Miaka mingi baadaye Sandra Black, Jeffrey Denning na Jesse Rothstein wakaangalia yaliyowapata. Wale wa shule dhaifu walioingia kwa sheria hiyo walimaliza chuo kwa wingi zaidi na kipato kikapanda, na wale wa shule nzuri waliokosa nafasi kwa sababu yao hawakuonekana kupata hasara. Hawakuanguka.

"Angalau vile vyuo vya juu vinachukua kwa maksi tu." Hapana. Raj Chetty, David Deming na John Friedman 2023 walionyesha mtoto wa asilimia 1 ya matajiri wa juu kabisa ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa kipato cha kati mwenye maksi zilezile, kwa sababu ya upendeleo kwa watoto wa waliosoma pale, michezo, na zile alama za "haiba". Tuendelee.

"Kumsaidia mpaka amalize ni ghali mno"

CUNY, vyuo vya jiji la New York, walianzisha ASAP mwaka 2007 kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii. Masharti: usome full time. Wao wanakulipia ada iliyobaki, vitabu, kadi ya usafiri ya treni na basi, na unapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, unaonana naye mara kwa mara, lazima. Baada ya miaka 3 waliohitimu walikuwa asilimia 40, kundi la kulinganishia 22. Gharama kwa mwanafunzi ilipanda kama asilimia 60, na wabunge wakiona namba hiyo wanafunga faili, lakini ukigawa hela yote kwa idadi ya waliotoka na cheti, cheti kimoja kilitoka kwa bei ya chini kuliko kwa mfumo wa kawaida, kwa sababu ule wa kawaida unalipia watu wengi ambao hawamalizi. Wasiwasi ukawa labda ni New York tu, wana treni, wana pesa. Wakaipeleka kwenye vyuo vitatu vya Ohio, kadi ya treni ikabadilishwa ikawa kadi ya mafuta ya gari na manunuzi, waliohitimu ndani ya miaka 3 wakawa asilimia 35 kwa 19.