Si lazima kukata kila mti ili nyumba isiungue

Ujumbe unaorudi kila mara katika makundi ya mitandaoni unadai kwamba anayeishi karibu na msitu hana kinga dhidi ya moto wa nyika isipokuwa akate miti yote na kuacha udongo mtupu. Dai hilo si sahihi. Nyumba nyingi zinazoungua katika mioto hiyo huwashwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, wakati mwingine kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1, zikatua kwenye majani makavu yaliyojazana katika mfereji wa paa au kwenye kuni zilizoegemezwa ukutani. Yeyote atazame picha zilizopigwa baada ya moto: mara nyingi nyumba imebaki majivu, ilhali mti ulio kando yake ungali na majani mabichi. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwani miali mirefu hutisha kuliko cheche. Kinachofaa ni kuondoa vitu vikavu katika mita 1.5 za kwanza kutoka ukutani, kufyeka nyasi ndefu, na kupogoa matawi ya chini ili moto wa ardhini usipate ngazi ya kupandia. Tafadhali tusiendelee kuusambaza ujumbe huo, maana udongo ulioachwa wazi humomonyoka, kisha huota magugu ambayo, yakikauka, hushika moto upesi kuliko miti iliyokatwa.